Mstari wa Mwalimu Umetulia

Majirani zangu, nyumba ninayotaka kuwasimulia mnaijua, na waliomo mnawajua, ndiyo maana sitataja jina la mtu. Ukijiona humu ndani, jione kimyakimya. Hata mimi nimo, tena si mahali pazuri.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko dirishani, na dirisha langu linatazama uwanja wa Mwalimu. Kila asubuhi, kabla sijatia uzi kwenye sindano, nilisikia mizani ikiwekwa juu ya saruji pale barazani. Kisha Mwalimu anatoka, miguu mitupu, khanga moja tu mwilini, anapanda juu yake na kusimama wima, mikono chini. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na hata kupimwa uzito alipimwa kama mtu aliye mbele ya darasa. Binti yake wa mwisho, ambaye sote tunamwita Kitinda, aliinama na kusoma.

"Sitini na nne kamili, mama."

"Kamili kabisa, au umekadiria?"

"Kamili, mama. Shuka nikupime presha."

"Andika kwanza. Mkono unaosahau kuandika hufeli mtihani."

Kitinda anacheka, anaandika kwenye daftari, kisha anazituma namba kwenye kundi la familia kwa simu. Mimi huku dirishani nasalimia, Mwalimu ananijibu, "Fundi, mbona leo umechelewa?" na siku inaanza. Asubuhi hizo zilikuwa tamu, jamani. Sikujua kwamba ni tamu mpaka zilipokwisha.

Sababu ya kupima ni hii. Moyo wa Mwalimu ulikuwa umechoka. Daktari aliwaeleza kwamba moyo ukichoka, maji hubaki mwilini, yanajaa miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanafika kwenye mapafu. Mtu hayaoni yakiingia, ila mizani huyaona. Akawapa sharti moja: apimwe kila asubuhi kabla ya chai, na akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, aletwe siku hiyohiyo. Asingoje kesho. Sharti hilo Kitinda aliliandika kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sasa mjue na kaka yao mkubwa. Huyu anakaa mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kazi yake ni kuchora grafu ofisini. Wadogo zake wanamwita Bwana Grafu, na yeye jina hilo analipenda. Si mtu mbaya. Nasema mapema, maana najua mtataka kumtafuna kabla sijamaliza. Alimpenda mama yake, na kwa kuwa hakuweza kuwa karibu naye, alimpa kile alichokuwa nacho. Alichukua namba za Kitinda, akaziingiza kwenye lahajedwali, lile jedwali la kompyuta lenye vijumba vingi, akatoa mistari miwili: mmoja wa presha, mmoja wa uzito. Kila jioni picha ikaingia kwenye kundi.

Picha ya kwanza mistari yote ililala, kwa sababu presha ilihesabiwa kwa mia na zaidi na uzito kwa sitini na kitu, na vyote viwili vilitumia kipimo kimoja. Bwana Grafu akafanya wanavyofanya wenye kazi hiyo. Upande wa kushoto akaacha kipimo cha presha, upande wa kulia akasimamisha kipimo kingine cha uzito peke yake. Akaiachia programu ijichagulie yenyewe pa kuanzia na pa kuishia. Programu, kwa kuwa haina mama, ikachagua kuanzia sitini na tatu nukta tisa hadi sitini na nne nukta saba.

Ikaja asubuhi moja ya baridi. Mwalimu alipanda mizani na sweta lake zito, tena ameshakunywa vikombe viwili vya chai kabla Kitinda hajaamka. Mizani ikaonyesha ameongezeka nusu kilo na kitu. Jioni ile mstari wa kulia uliruka kutoka chini ya picha hadi juu kabisa.

Binti wa kati alikuwa kazini alipouona. Alipiga yowe, akaomba ruhusa, akapanda basi na nguo alizokuwa nazo mwilini, akalia njia nzima. Bwana Grafu naye akafunga safari. Wakambeba Mwalimu mzobemzobe hadi hospitali, yeye anasema, "Jamani, nimevaa sweta tu," hakuna anayemsikiliza. Daktari akampima upya, akaitazama ile picha kwenye simu, akaangua kicheko. "Hii ni nusu kilo," akasema. "Ni sweta na chai."

Mngewaona wakirudi. Pale barazani waligeukiana.

"Kaka, grafu zako zitatuua kwa presha sisi kabla ya mama!" binti wa kati akasema.

"Mimi nimechora nilichotumiwa. Mwulize Kitinda anayepima mtu na sweta."

"Sawa, nibebesheni kila kitu mimi ninayeishi naye," Kitinda akasema, na machozi yakamlenga.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, amejikunyata. "Nimewasumbua, wanangu," akasema. "Nimewatoa makazini bure. Nisameheni." Nilimsikia mwenyewe kupitia dirishani. Mama mgonjwa anaomba msamaha kwa watoto wake kwa kuwa hakuzidiwa! Na hakuna hata mmoja aliyemwambia, mama, usiseme hivyo.

Bwana Grafu aliporudi kwake, aliketi na kile kipimo cha kulia, akakirekebisha. Akakianzisha kwenye sifuri, akakimalizia kwenye mia mbili, akakifunga kisibadilike tena. Kisha, kwa kuwa hata ofisini alikuwa amezoea kumfurahisha mkubwa wake kwa kuvuta hapa na kubana pale, akageukia kushoto. Presha ya mama ilikuwa imeanza kupungua kidogo, basi kipimo cha presha akakibana ili mstari wake uonekane ukiteremka vizuri. Tarakimu za pembeni akazifuta, akidai zinachafua picha. Mwisho akamwambia Kitinda asitume tena namba kwenye kundi. Amtumie yeye peke yake, yeye atatoa picha.

Na picha ikawa nzuri kweli. Mstari wa uzito umenyooka kama ubao wa kupigia pasi, wa presha unashuka taratibu. Kwenye kundi ikawa ni shangwe. "Mstari umetulia!" wakaandikiana. Maneno hayo yakawa salamu yao. Mtu akiulizwa, mama hajambo? anajibu, mstari umetulia. Simu za kila siku zikawa za kila baada ya siku mbili, kisha za mwisho wa juma. Binti wa kati alikuwa amepanga kuja mwisho wa mwezi, akaitazama picha, akaahirisha.

Niwaambie jambo ambalo fundi yeyote analijua. Picha ile kwenye simu ina kimo cha kidole changu hiki cha kati. Ukikigawa kidole hicho sehemu mia mbili, kilo nne ni unene wa sindano. Mwalimu angeweza kuzama kwenye maji mpaka shingoni, na mstari ungenyanyuka unene wa sindano.

Na alianza kuzama.

Jumatatu moja Kitinda aliandika sitini na nne nukta tatu. Jumanne, sitini na nne nukta tisa. Jumatano, zaidi. Alizituma zote. Kila asubuhi alizitazama akataka kupiga simu, lakini akakumbuka ile siku ya sweta, akakumbuka walivyomtolea macho. Akajiambia, kaka amesoma, kaka ndiye anayezijaza, kungekuwa na neno angesema. Na kaka kule aliko alijaza namba haraka baina ya kazi na kazi, haangalii namba, anaangalia mstari. Akajiambia, Kitinda analala nyumba moja na mama, kungekuwa na neno angesema. Hivyo ndivyo walivyolindana, huyu kamwachia yule na yule kamwachia huyu.

Mimi ninayewasimulia nilikuwa wapi? Nilikuwa nashona. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walikuwa wameandaa mkutano wa kumshukuru, naye alitaka gauni jipya. Nilimpima vizuri, nikaandika, nikakata. Jumamosi akaja kujaribu. Zipu iligoma kiunoni, pengo la vidole vinne.

"Fundi, umenikata mwanafunzi wa darasa la tatu?" akatania. Lakini alipotania alisimama katikati ya sentensi kuvuta pumzi.

Mimi nilifanya nini? Niliona aibu. Miaka ishirini na sita kwenye kazi, nimekosea kiuno! Sikumtazama yeye, nilitazama kitambaa. Nikamwambia, "Samahani Mwalimu, mkasi uliniteleza, niachie." Nikafumua mshono pande zote mbili, nikatoa akiba yote iliyokuwa ndani, nikashona upya. Wala sikurudi kwenye daftari langu la vipimo kuona kama kweli nilikosea. Nilitaka gauni lifunge, basi.

Jumatatu mchana akaja tena. Alitembea kutoka mlango wake hadi wangu, hatua kumi na nane, akafika amechoka, akaomba kiti. Gauni nililolitanua juzi liligoma tena, vidole viwili. Nilipiga magoti nimpimie pindo, nikaegemeza kidole gumba kwenye mguu wake, juu kidogo ya kifundo. Nilipokitoa, shimo lilibaki. Nililitazama, likakaa palepale, kama kidole kwenye unga uliokandwa.

"Mwalimu, miguu hii tangu lini?"

"Aah, nimesimama sana."

"Umesimama wapi na wewe unashinda kitini?"

Alijifanya hakusikia, akashika gauni, akalisifia ukosi.

Nilitoka mbio hadi duka la kuchapa karatasi anakofanya kazi Kitinda. Nilifika sina pumzi, viatu nimevaa tofauti kushoto na kulia. "Mama yako amevimba," nikamwambia. "Mpigie kaka yako, sasa." Alipiga, akamweleza. Bwana Grafu akajibu kwa upole wa mtu aliye kwenye kikao, akasema ataangalia. Kabla dakika mbili hazijapita simu ikalia: picha. Chini yake ameandika, "Tulieni. Mstari umetulia."

Mimi mdomo wangu haujui kupanga foleni. Niliichukua ile simu nikampigia mwenyewe, spika wazi.

"Shikamoo, Shangazi Fundi."

"Marahaba. Baba, weka pembeni hiyo picha. Nisomee namba."

"Shangazi, picha imetokana na hizohizo namba."

"Nimesema nisomee. Kuanzia Jumatatu iliyopita."

Nikamsikia akivuta kiti. Akaanza kusoma kwa sauti ya ofisini. "Jumatatu, sitini na nne nukta tatu. Jumanne, sitini na nne nukta tisa. Jumatano, sitini na tano nukta nane. Alhamisi, sitini na saba." Akairudia ile ya mwisho, kwa sauti ya chini.

"Endelea."

"Ijumaa, sitini na saba nukta sita. Jumamosi, sitini na nane nukta moja. Jana..." Nilisikia vidole vyake vikigonga kompyuta, haraka, kisha polepole. Alikuwa anakirekebisha kile kipimo cha kulia, anaanzia sitini, anaishia sabini. Sijui aliona nini pale, mimi sikuwapo, lakini nilisikia alivyovuta pumzi.

"Shangazi," akasema, "leo ni ngapi?"

Kitinda alikuwa ameshika ukuta. "Sitini na tisa nukta nne," akasema. "Nilikutumia asubuhi, kaka. Nimekutumia zote. Sikuruka hata siku moja."

"Mpelekeni. Mpelekeni sasa hivi!"

Jirani mwenye gari la kubebea mizigo alitubeba. Mwalimu aliketi mbele, hakuweza kuegemea kiti, kila akiegemea alikohoa kama mtu anayezama. Kitinda alimshika mkono. Mimi nyuma nilikaa juu ya magunia, naomba Mungu kwa sauti, wala sioni haya. Njia ile naijua kwa miguu, lakini siku ile haikuisha.

Daktari alikuwa yuleyule aliyecheka. Safari hii hakucheka. Alimwekea hewa, akamchoma sindano za kutoa maji, akaja kwetu na daftari la Kitinda mkononi, kidole kimewekwa kwenye Alhamisi.

"Mngemleta siku hii," akasema, "ningempa dawa na pengine angelala nyumbani kwake. Sasa mapafu yamejaa, na figo zimeanza kuchoka."

"Lakini presha ilikuwa inashuka," Kitinda akasema. "Tulifurahi."

"Ilishuka kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma."

Nilimtazama Kitinda. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitaki kukiona tena kwenye uso wa mtoto wa mtu.

Kesho yake Bwana Grafu aliingia wodini na mkoba wa kompyuta begani, macho mekundu. Binti wa kati alikuwa amefika kabla yake, amekaa miguuni pa kitanda, anakanda ile miguu iliyojaa maji. Mwalimu akamwonyesha mwanawe kwa kidole sehemu ya kukaa. Akasogeza kidogo kile kifuniko cha hewa alichovishwa usoni.

"Nionyeshe," akasema.

"Mama, pumzika."

"Nionyeshe, nimesema. Nimefundisha grafu kabla hujazaliwa."

Akafungua. Aliuonyesha ule mstari mpya, unaopanda kutoka kona hadi kona. Mwalimu aliufuata kwa kidole, polepole, akasimama mahali fulani. "Hapa nililala nimekaa," akasema. Kidole kikasogea. "Hapa sikuweza kuinama kuvaa viatu."

"Mama, kumbe ulikuwa unajua?"

"Mizani nilikuwa napanda mimi. Namba nilikuwa nazisoma kabla ya Kitinda."

"Sasa kwa nini hukusema?" Bwana Grafu alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wodi nzima. "Mama, kwa nini hukusema hata neno moja?"

Alivuta hewa mara mbili, tatu, ndipo akaweza kujibu.

"Kila jioni Kitinda alinionyesha mnavyoandikiana. Mlikuwa mmefurahi sana. Ile mara ya kwanza niliwatoa makazini bure, dada yako akalia njia nzima. Nikasema safari hii nisubiri kidogo, niwe na uhakika."

Binti wa kati aliinamisha kichwa juu ya ile miguu.

Mwalimu aliishi siku tisa zaidi. Zipo siku alizoonekana kurudi, akamkosoa muuguzi aliyejumlisha vibaya vipimo vya maji ya kunywa, na sisi tukachekelea tukidhani tumevuka. Siku ya kumi, asubuhi, kabla ya chai, moyo ulisimama. Watoto wake wote watatu walikuwepo. Ndiyo nafuu pekee, wala si kubwa.

FUNZO

Ndugu zangu, msiondoke hapa mkisema grafu ni mbaya. Grafu ya Bwana Grafu haikusema uongo hata namba moja. Kila alichotumiwa alikichora. Alichokosea ni kwamba alirekebisha kipimo ili watu watulie, wala hakumwambia mtu kwamba amekirekebisha, na siku zilivyokwenda yeye mwenyewe akaiamini picha aliyoitengeneza. Mwenye vipimo viwili kwenye picha moja anaweza kumwinua amtakaye na kumlaza amtakaye. Basi ukiletewa picha ya namna hiyo, iwe ya mgonjwa, ya shule au ya maji ya mtaa, uliza kila upande unaanzia wapi na unaishia wapi. Mwenye picha akikasirika kwa swali hilo, uliza mara ya pili.

Na msimcheke mtu aliyekimbilia hospitali mapema. Kile kicheko cha siku ya sweta, pamoja na yale maneno ya barazani, ndicho kilichomfunga mdomo mama yule na mtoto wake. Heri mwende bure mara kumi na mrudi mkitaniana njiani.

Nami nisijifiche nyuma ya kidole. Nilishika dalili kwa mikono yangu Jumamosi, nikatanua gauni. Siku mbili zile ni zangu, nitazijibu mwenyewe.

Nyinyi mnaoishi mbali na wazazi wenu, sitawaambia muache kazi mrudi. Lakini msikubali kutulizwa, na msiwafundishe wazee wenu kwamba habari njema tu ndizo mnazozipenda. Leo hii mpigie mama yako. Akikwambia hajambo, usikate simu. Muulize namba. Kisha unyamaze, umsikilize anavyopumua wakati anakujibu.